Kidole Kwenye Tundu la Ndoo

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu, kweli iliyonyooka kama uzi wa timazi. Sijaongeza chumvi, sijapunguza maji. Atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, achukue kiti changu cha kukunja, hiki hiki ninachokalia kila jioni tangu nistaafu, nami nitakaa chini kama kuku anayeatamia. Kinyozi jirani yangu amekitamani kiti hiki miaka sita, kwa hiyo ananisikiliza kwa masikio yote mawili. Mke wangu ananisikiliza kwa moja. Jingine amelipa sindano, kwa maana anageuza kola ya shati langu iliyochakaa.

Basi. Palikuwa na mpiga kengele wa parokia. Aliishika kamba ya kengele akiwa kijana wa ndevu tatu, na leo ana mvi kichwa kizima na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Kengele ile ilikuwa na sauti ya kuamsha waliolala na kunyamazisha waliogombana. Siku moja aliipiga akiwa na hasira, mayai ya kuku wa paroko yakaanguliwa wiki moja kabla ya siku zake.

Mtu huyu hakuwa na makuu. Alikuwa na jambo moja tu duniani la kulinda, nalo lilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, nje ya ua wa makaburi, kisichozidi vyumba viwili kwa ukubwa. Pale walizikwa zamani watoto waliofariki kabla ya kubatizwa. Utaratibu wa siku zile ulikuwa huo: asiyebatizwa halali katika ardhi iliyobarikiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hapo alilala binti yake wa pekee, aliyezaliwa bila kulia. Hakupewa jina. Mpiga kengele alimwita Bibie, kwa kuwa mtoto wa kike hawezi kwenda zake bila kuitwa.

Mama wa mtoto alikuwa akisimama uani kila alfajiri, mikono imeshika waya uliozungushia kona ile, haingii wala haondoki. Padre mzee wa wakati ule alimwona siku ya kwanza, akamwona ya pili, na ya arobaini. Jumamosi moja, umande haujakauka, akamwita mpiga kengele, akamwita na fundi mwashi aliyekuwa akitengeneza ngazi za sakristia, chumba cha mavazi ya ibada. Huyo fundi alikuwa amemwoa dada yake mpiga kengele mwaka uliotangulia, kwa hiyo walikuwa mtu na shemejiye. Padre akawaambia anakwenda kuibariki ile kona, na kwamba hataandika popote. Wakubwa wake wakiuliza, atajibu mwenyewe. Wasipouliza, Mungu ana daftari lake.

Wakaenda watatu. Padre alikuwa na kitabu mkono mmoja na kinyunyizio mkono wa pili. Mpiga kengele aliubeba msalaba mkubwa wa maandamano, ule unaotaka mikono miwili na mgongo wa punda. Fundi alibeba maji ya baraka kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa ya kazi yake mwenyewe, imesuguliwa kwa mchanga ikang'aa. Ila ilikuwa na tundu. Fundi aliligundua walipofika langoni, maji yalipoanza kumchirizika gotini. Kumkatiza Padre aliona aibu, naye Padre alikwisha anza kusoma. Basi akachomeka kidole cha shahada kwenye tundu kwa chini, akazunguka nacho kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kidole hakikutoka mpaka kona ya nne ilipopata tone lake la mwisho. Kilipotoka kilikuwa kimenyauka kama kidole cha babu wa miaka mia. Hilo nalo ni kweli.

Tangu siku hiyo mama wa mtoto aliweza kuingia mle na kuketi. Miaka arobaini ikapita. Padre alikwisha kufa, na mwaka jana mama naye akamfuata. Kabla ya kufa alimwambia mumewe neno moja tu: asiachwe yule mtoto akachimbuliwa.

Ndipo parokia ikataka ukumbi.

Ukumbi ni jambo jema, hakuna aliyepinga ukumbi. Lakini mchoro ulipotandikwa mezani, nguzo mbili zilikuwa zimesimama juu ya ile kona. Mpiga kengele akasema pale ni mahali palipobarikiwa, hapachimbwi msingi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa kalamu tatu mfukoni, akauliza imeandikwa wapi. Wakafungua madaftari ya parokia yote, hadi yale yaliyoliwa na mchwa. Haikuandikwa. Maneno yakawa mengi, mpaka jimbo likamtuma Padre Hakimu.

Huyu alikuwa mwembamba, mwenye goti bovu na fimbo ya chuma iliyogonga sakafu kabla yake. Alikuja na mwandishi mmoja na kitabu kimoja kikuukuu cha sheria za Kanisa. Wakapewa darasa la tatu, wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa kifuani. Mpiga kengele aliitwa na kuelezwa taratibu, naye akazipokea kama mtu anayekaribishwa chakula. Hakimu alisema kwamba kitabu hakiwi kigumu bila sababu. Kuthibitisha kuwa mahali pamebarikiwa, anatosha hata shahidi mmoja asiye na doa, mradi pasiwe na mtu wa kudhurika.

Mpiga kengele akajibu kwamba huyo mmoja ndiye anayemwona, na akaapa mkono juu ya Injili. Kila aliposema jambo, Hakimu alimuuliza swali lile lile. Umejuaje? Akasema alikuwepo. Umejuaje kama ni maji ya baraka? Alimwona Padre akiyabariki. Nani alibeba maji? Shemeji yangu fundi. Aliyabebaje? Mpiga kengele akafumba macho kidogo. Akasema: Aliishika ile ndoo kwa chini, kama mtu anayebeba mtoto, nami niliona ni heshima nikampenda zaidi. Mwandishi akaandika hivyo hivyo, mpiga kengele akatia sahihi.

Baada yake aliingia bibi mmoja wa kwaya, akasema kwa uhakika mkubwa kwamba kona ile imebarikiwa. Umejuaje, bibi? Watu wote wanasema. Kalamu ya mwandishi haikusogea hata nukta.

Akaingia mwenyekiti na kalamu zake tatu. Yeye alikuwa amekwisha kisoma kitabu. Akasema wapo wanaodhurika: waumini waliochangia, matofali yaliyokwisha fyatuliwa, watoto wanaofundishwa dini juani. Hakimu akafunga kitabu juu ya kidole chake, akakubali kwamba hilo limebadilisha mambo. Akiwepo wa kudhurika, shahidi mmoja ni kama hakuna shahidi. Wanatakiwa wawili wanaopatana, kila mmoja kwa macho yake, kwa kiapo.

Mwenyekiti alidhani amepiga msumari wa mwisho. Mpiga kengele alicheka.

"Wa pili ninaye," alisema. "Tena nilimpa dada yangu."

Sasa huyo wa pili. Fundi yule alikuwa amejenga miaka thelathini na tano, kuta za watu, shule za watu, vyoo vya watu, na hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba amepita hapo. Jina la fundi halikai ukutani, hukaa chini ya plasta. Mwenyekiti alikwenda kwake wiki moja kabla ya hakimu kufika. Hakumpa kitu, hakumwahidi kitu cha kutia mfukoni. Alimwonyesha tu karatasi iliyochorwa jiwe la msingi: juu jina la Askofu, chini yake jina la fundi, kwa herufi za kuchongwa, ndefu kama kiganja. Fundi aliiomba ile karatasi abaki nayo. Aliiweka chini ya godoro.

Alipoitwa darasa la tatu aliingia peke yake, kama ilivyo sheria, kwa maana shahidi hasikii cha mwenziwe. Mpiga kengele alimngoja nje, kofia mkononi. Fundi alitoka baada ya muda mfupi, akamshika bega lile lililoshuka.

"Mambo yamekwenda, shemeji," alimwambia.

Ikaja siku ya kufungua majalada. Huo nao ni utaratibu wao wa zamani: kabla ya hukumu, kila upande husoma yaliyosemwa na wote, ili mtu asihukumiwe kwa maneno yaliyofichwa. Mpiga kengele alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Alisoma ya kwake, akaridhika. Alisoma ya bibi wa kwaya, akatabasamu. Kisha akasoma: Nilibeba ndoo hadi langoni. Pale nikaiweka chini, nikarudi kwenye ngazi zangu. Sikuingia. Kilichofanyika ndani sikukiona.

Aliisoma mara tatu. Aliifuta miwani akaisoma ya nne. Kisha akamuuliza mwandishi kwa adabu kama karatasi hazikuchanganyika na za kesi nyingine. Mwandishi akamwonyesha sahihi. Mpiga kengele aliijua ile sahihi, ilikuwa kwenye cheti cha ndoa ya dada yake.

Alitoka, miguu ikampeleka yenyewe nyuma ya kanisa. Fundi alikuwa kwenye kona, amekwisha pigilia vigingi vinne na kuvuta kamba.

"Shemeji," alisema mpiga kengele, "ndoo uliiweka wapi?"

"Langoni."

"Msalaba niliushika kwa mikono miwili. Padre alishika kitabu na kinyunyizio. Ndoo iliingia kwa miguu yake?"

"Miaka arobaini ni mingi, shemeji. Kumbukumbu huhama."

"Yangu haijahama. Imelala hapo unapokanyaga."

Fundi alitazama chini, akasogeza mguu. Aliusogeza, naam, lakini hakung'oa kigingi.

Jioni ile mpiga kengele alikwenda kwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni. Naye dada, ambaye amekula, amelala na kuzeeka na yule fundi, alimjibu kwamba mumewe haapi uongo, na kwamba yeye kaka amezeeka, ameanza kuota mchana. Mpiga kengele hakubishana. Alisema kwaheri dada, kama mtu anayemuaga msafiri. Akazoea kupita njia ya mbali asipite mlangoni kwao, na kengele ya jioni ikawa inapigwa mapigo machache kuliko zamani. Ukiumizwa na adui unajifunga bandeji mwenyewe. Ukiumizwa na aliyekuwa akikushikia bandeji, unafanyaje?

Hakimu alisema hana uhakika wa moyo, na bila huo hawezi kutamka kwamba jambo limethibitika. Akatoa siku kumi kwa mwenye lolote jipya. Zikipita, msingi uchimbwe.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Siku ya tisa Padre Hakimu alikwenda mwenyewe kwenye ile kona, akachomeka fimbo yake ardhini ili apate kujifuta jasho. Kabla hajakunja leso, fimbo ikachipua. Jani la kwanza, la pili, hadi saba, na ndege mwekundu akatua juu yake akaimba kwa sauti ya mtoto. Watu wakapiga magoti hadi barabarani. Mwenyekiti alizivunja kalamu zake zote tatu, ukumbi ukahamishiwa upande wa pili, fundi na mpiga kengele wakakumbatiana wakalia hadi wakalowana. Hadithi yangu imefika nyumbani, ivueni viatu.

Kinyozi alikuwa amekwisha simama.

"Fimbo ya Padre Hakimu ni ya chuma," alisema. "Umeisema kwa kinywa chako. Na siku ya tisa ni kesho. Inuka, mzee."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka, kwa maana kukamatwa kwa uongo mtamu si fedheha. Niliinuka. Kinyozi akakikunja kiti, akakiweka kwapani kama mtu aliyeoa.

Mke wangu hakucheka. Sindano ilikuwa imesimama hewani muda mrefu, na mimi sikuwa nimeona.

"Lile tundu la ndoo," alisema. "Umejuaje?"

Nilimwambia ni habari za kawaida, nimezisikia kwake mwenyewe, kwa kaka yake, kwa watu.

"Kaka hajawahi kulitaja tundu. Amenisimulia asubuhi ile mara mia, hajui kama kulikuwa na tundu. Padre ni marehemu. Umesema kidole kilikaa mle mpaka kona ya nne." Alinitazama mkono, si uso. "Na ndoo iliachwa langoni. Kidole kilikwenda na nani?"

Ningeweza kusema ni chumvi niliyoongeza ili hadithi inoge. Mdomo ulifunguka kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya watu wote kwamba sikuongeza chumvi, na chumvi ya fimbo imenigharimu kiti sasa hivi. Jioni hii yote nimekuwa nikimwita yule fundi "fundi" kana kwamba ni mtu mwingine, na baraza linacheka kwa sababu linajua ni mimi ninayejisimulia. Nilikuwa nataka wacheke hivyo hivyo, waizoee kesi yangu kama kichekesho. Uongo wangu niliulinda vizuri mbele ya hakimu. Nikauangusha mwenyewe, kwa tamaa ya kunogesha.

"Kilikuwa changu," nilisema.

"Hadi kona ya nne?"

"Hadi kona ya nne."

Kinyozi aliweka kiti chini polepole.

"Nilimwambia kaka yangu amezeeka," mke wangu alisema. "Kwa ajili yako." Alikata uzi kwa meno, akaniwekea shati mapajani. Kola ilikuwa imeshonwa nusu. Akaingia ndani.

Asubuhi nililivaa hivyo hivyo, nikaenda darasa la tatu. Niliapa tena, nikasema yote, na karatasi ya jiwe la msingi nikaiweka mezani ikiwa bado na mikunjo ya godoro. Padre Hakimu alinisikiliza hadi mwisho.

"Uliapa wiki ile," alisema. "Leo umeapa tena. Nimwamini nani kati yenu wawili?"

Mtu aliyeapa mara mbili mambo mawili ni shahidi mbovu, na kitabu chake kinasema hivyo kwa maneno makali kuliko yangu. Ndoo ililetwa kutoka stoo yangu. Tundu lilikuwepo, ila kidole hakikuingia, kimenenepa. Hakimu akasema tundu peke yake si ushahidi, ndoo zote za mafundi zina matundu. Kisha akafungua jalada, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma taratibu kile alichosema shemeji yangu siku ya kwanza, kabla yeyote hajazungumzia tundu: aliishika ile ndoo kwa chini, kama mtu anayebeba mtoto.

Alimwangalia mwandishi, mwandishi akamwangalia yeye.

"Huyu hakujua kwa nini uliishika hivyo," alisema. "Wewe ndiye unayejua. Simwamini yeye kwa sababu yako, nakuamini wewe kwa sababu yake." Akaandika. Alipomaliza alisema kwamba kuhusu kiapo cha kwanza, kanisani kuna kiti kingine, cha kuungama, cha kuketi na padre, na hicho hakina mwandishi.

Vigingi niliving'oa mwenyewe. Ukumbi utasogezwa, jiwe la msingi litakuwa na jina la Askofu peke yake.

Jumamosi nilipeleka mawe ya kuzungushia kona, yale ya kuchongwa, na mwiko na timazi. Niliwakuta wawili kule. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu na kaka yake, hawasemezani, ila mkono wake ulikuwa juu ya goti la nduguye. Na kaka mtu alikuwa amekalia kiti changu. Kinyozi alikuwa amempelekea, hakukaa hata kunywa maji. Nilisalimia, mke wangu akaitikia.

Nilianza upande wa lango. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza. Jua lilipanda, kola ikanining'inia shingoni upande mmoja. Nilipofika kona ya nne nilimsikia kaka mtu akikohoa nyuma yangu. Miaka arobaini na moja aliniita shemeji, hata siku ile ya vigingi.

"Hilo jiwe limepinda, fundi," alisema.

Halikuwa limepinda. Nilikuwa na timazi mkononi. Nikaling'oa, nikaanza upya.